Nimemulilia Furaha Akiwa Muzima

Wapendwa, leo nimejiaibisha mbele ya watu wenye suti. Musiende kuuliza majirani, minye mwenyewe nawaambia.

Mujukuu wangu Furaha munamujua. (Kama haumujui, weye si wa Uvira.) Iko direktrise, mukubwa wa ile nyumba ya wasanii hapa Kilibula. Wasanii wanatoka Bukavu, Bujumbura, hata mbali zaidi, wanapewa chumba na chakula, wanafanya kazi yao miezi mizima bila kusumbuliwa. Furaha njo anawachagua, anawapangia, anapigana na maofisi. Minye koko yake, mama muzee, sikusoma, lakini ile ni damu yangu!

Leo wageni wakubwa walitoka Kinshasa kuangalia kama nyumba iendelee ao ifungwe. Furaha hakulala. Aliniomba kitu kimoja tu.

"Koko, utuletee samaki, mikebuka ya kukaanga, saa sita. Na tafazali, usiongee sana."

"Minye naongeaga sana?"

Akaangalia saa yake. (Mutoto wa adabu.)

Samaki ziliiva mapema, nikafika mbele ya saa. Nakuta viatu vyote mulangoni. Ndani watu wameketi chini, kimya, vichwa vimeinama. Katikati muntu amelala, amefunikwa kitenge mpaka kwenye vifundo vya miguu. Na kile kitenge nakijua! Cha ndege wa kijani. Nilimununulia Furaha siku alipopewa ukubwa.

Kwetu hauulizi nani amekufa. Unalia kwanza, habari utapewa kisha. Sahani ikaenda yake, samaki zikaenda zao.

"Yooo! Furaha wangu! Ulikataa wachumba watatu juu ya hii nyumba! Nilikuambia ni kazi ya upuuzi, na kanisani naringa nayo kila siku ya Mungu! Nani sasa ataniletea wasanii wa kukaa chini wanisikilize mambo ya uhuru na ya uasi? Mama yako mwenyewe hakuniulizaka!"

Nikajitupa juu ya maiti. Nikashika miguu. Mikubwa! Iko na manyoya! (Nikasema, kumbe kifo kimemuvimbisha mutoto.)

Maiti ikasema: "Koko, unanivunja mbavu."

Mama yangu!

Alikuwa Bahati, musanii wa Luvungi, na ndevu zake zote. Alikuwa anaonyesha kazi yake: watu waliokufa wakati wa uasi, wakazikwa kimya sababu kilio kingeita askari. Ile habari nilimupa minye! Kaka yangu mukubwa tulimuzika vile, mama amejiziba mudomo na nguo. Kitenge Bahati alikiazima kwa Furaha. Na wale wa chini si wafiwa. Ni wageni wa Kinshasa!

Furaha alikuwa kwenye ukuta, mukono mudomoni.

"Koko, samaki iko wapi?"

"Iko unaikanyaga."

Mukubwa wa wageni, mama mumoja wa miwani, alikuwa na mukebuka muzima kwenye mapaja. Akauliza: "Direktrise, huyu naye ni musanii wa hapa?"

Nikajua nyumba imefungwa, na minye njo nimeifunga. Miaka yote ya mutoto, nimeimwaga pamoja na mafuta ya samaki.

Furaha akaja, akanisimamisha, akanifunga kilemba vizuri. Akasema, kichwa juu: "Huyu ni Koko yangu. Bahati amelala tu. Habari iko yake."

Yule mama akaangalia samaki. Akaiuma. Akatafuna pole pole, chumba kizima kinamungojea.

"Basi mwaka kesho mumupe chumba."

Mwaka kesho! Mumesikia? Mwaka kesho nyumba iko! Furaha akanikumbatia mpaka naye akanuka samaki.

Chumba nimekubali, kama kitanda si cha kupanda na ngazi. Lakini muntu akinikuta sokoni akaniuliza "Koko, maziko ni lini?", nitamulilia naye palepale, akiwa muzima.