Jedwali la Magari Matatu

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kwanza kazini kwa Mjomba. Chumba kimoja, meza moja, na nje magari matatu ya kukodisha: gari dogo jeupe, basi dogo na pikapu. Safari za wateja zimeandikwa kwenye daftari lililochanika jalada. Zisizo daftarini zimo kichwani mwa dereva mkubwa, anayeitwa Kamusi kwa sababu hajawahi kusahau safari. Nilimwamkia. Akauliza kama nimeajiriwa kufanya kazi au kunong'ona. Nitamjibu kwa jedwali la kompyuta.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeingiza safari sitini na moja: tarehe, mteja, gari, mahali. Mojawapo ni ya Bibi, mama yake Mjomba, kwenda hospitali. Daktari wa macho huja mara mbili tu kwa mwaka. Jicho lake la kushoto limeshazima. La kulia limebakiza mwanga kidogo, nalo ndilo litakalopasuliwa. Mjomba amesafiri kufuata vipuri, atarudi wiki ijayo. Aliniagiza nisiiguse safari ya Bibi hata akija mfalme kutaka gari. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimelificha daftari chini ya matambara ya kufutia vioo. Likiwepo, hakuna atakayelitazama jedwali.
Tarehe na majina vilikuwa vinarukaruka, kwa hiyo nimeipanga safu ya tarehe, kisha safu ya wateja. Kila mara kompyuta iliuliza kama safu nyingine nazo zifuate. Nikajibu hapana. Sikuona sababu ya kuzisumbua. Sasa linapendeza.

Jumamosi, 8 Machi
Kwaya ya watu kumi na wanne imepelekewa gari dogo. Bi harusi amepelekewa pikapu iliyotoka kubeba vitunguu. Shangazi yake alipiga simu na kuniuliza kama mimi nitaolewa kwenye tela. Nilimsomea mstari wake kwa adabu. Akakata.
Nimegundua kuwa wateja husahau walichoagiza.

Jumanne, 11 Machi
Kamusi aliingia akipangusa mikono. Akasema kesho anampeleka Bibi hospitali, atoke alfajiri. Jedwali lilisema Jumatano ya tarehe 19. Kesho gari jeupe lina mteja mwingine. Nikamwambia. Akakuna kichwa, akasema yeye ameshika kesho, na akaomba daftari.
Ningeweza kulitoa. Lakini angejua nililificha. Nikasema, kwa sauti iliyonishangaza mwenyewe, kwamba kompyuta haikosei.
Alinitazama kidogo. Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."
Ni mara ya kwanza kuniita mwanangu. Nilifurahi mchana kutwa.

Alhamisi, 13 Machi
Safari ya Bibi ilikuwa jana.
Bibi alikaa kwenye kiti langoni tangu alfajiri, mkoba mapajani, viatu vyake vizuri miguuni. Jirani anasema kila gari lililopita alisimama. Jioni akaingia ndani mwenyewe, akipapasa ukuta. Mjomba amemuuliza kwa nini hakuomba tupigiwe simu. Akasema alijua tuna kazi nyingi.
Daktari ameondoka, hadi Septemba. Muuguzi amesema mwanga ule huenda usifike huko.
Mjomba alirudi ofisini, akauliza nani wa kulaumiwa. Nilisimama karibu na printa. Nikaanza kunyoosha karatasi zake. Kamusi akavua kofia, akasema, "Ni mimi, bosi. Uzee huu. Imenitoka." Mjomba hakugomba. Alikaa tu na kuutazama mlango.
Nje nilimfuata Kamusi ili niseme kitu. Akanitangulia: yeye ameshakula chumvi nyingi, lawama haimuui, ila mimi ndiyo kwanza naanza.

Ijumaa, 14 Machi
Vijana wanaoosha magari sasa wamempa Kamusi jina jipya: Kifutio. Anaitika. Leo nimemwona akiandika safari kwenye kiganja chake.

Jumapili, 16 Machi
Nimelia, kisha nimetengeneza jedwali jipya. Mjomba alitaka safari ya Bibi iandikiwe sababu. Nimeandika: dereva alisahau. Kisanduku hakiwezi kubaki kitupu. Nimeongeza mstari wangu mwenyewe: kumwambia Mjomba ukweli. Tarehe nitaijaza baadaye.
Kisha nikamchapia Bibi ratiba yake hadi Septemba, na kwenda kuibandika ukutani kwake. Matone ya dawa, siku za kliniki, namba yangu ya simu, kila kitu kwenye mstari wake. Aliipapasa kutoka juu hadi chini, polepole. Akasema karatasi ni laini.
Nadhani ameipenda. Kesho nitamwekea rangi, apate kuzitofautisha siku.