Chumvi ya Fundi

Jumatatu, 4 Machi
Majira ya kuchipua yamefika, mvua imegoma. Maji ya kusuuzia vyombo tunagawana: ndoo moja ya nyanya zangu, moja ya maua ya mke wangu. Mbegu za maua alizitoa uani kwa marehemu mama yake. Dukani hazipo. Nyanya zangu gololi tupu! Jirani yetu, fundi cherehani, anadai zake ni kubwa kama kichwa cha mtoto. Nikamuuliza mke wangu siri ya fundi. Akajibu bila kugeuka, mikono kwenye karai, kwamba yule anatia chumvi tu.
Aha!

Jumanne, 5 Machi
Nimetia chumvi. Pakiti mbili, bibie akiwa kwa msusi. Kwa ukarimu wangu, na maua yake nikayatilia. Yatachanua, nitasifiwa. Nimemchekea fundi juu ya ukuta. Hajui kitu.

Ijumaa, 8 Machi
Nyanya zimejikunja kama mimi nikiamka. Chumvi haikutosha! Nimeongeza. Bibie analalamika kwamba mboga haina ladha na chumvi imeisha. Nimekula, nikasifu mapishi.

Jumapili, 10 Machi
Vyote vimekauka. Udongo una ukoko mweupe. Bibie kauonja kwa ncha ya ulimi, kisha kanitazama. Nikajitetea: si yeye aliyesema fundi anatia chumvi? Akasema, mzee mzima, nilimaanisha ni mwongo!
Nilisubiri matusi. Hayakuja. Alichuchumaa, akang'oa maua ya mama yake moja moja, akayafunga kwenye ncha ya nguo yake. Afadhali angenitukana. Leo sikuoga; ndoo yangu ya kuoga nimeimwaga pale penye maua. Bure.

Jumatano, 13 Machi
Fundi kaja na mche wa ua lilelile kwenye kopo. Kumbe mwaka jana bibie alimpa mbegu kidogo! Mwongo yule, lakini nilitaka kumbusu. Kaniita Bwana Chumvi, kacheka mpaka kakohoa. Bibie kaupokea kwa mikono miwili, macho yamelowa. Ila anakwenda kwa dada yake hadi Ijumaa, ikabidi anikabidhi mimi. Mimi! Kasema niulee kama yai, basi, nisiongeze langu.
Siongezi. Safari hii nimefikiri kwanza. Yai hulelewaje? Huatamiwa.
Fundi ana tetea mmoja, mnene, mpole. Kaniazima bila hata kuuliza. Sasa hivi kuku kaukalia mche, katulia tuli.