Nyambizi Iliyokosa Cheti cha Kifo

Ninayo heshima kuutangazia ulimwengu kwamba, tangu Jumatano, mnara wa meli yetu umepambwa kwa nusu ya nyambizi ya Kijerumani. Baharia Tregenza alikuwa ananing'inia kwenye kamba, brashi mkononi, akimalizia kuichora pua, mgeni wetu Admirali Lisle alipomwamuru ashuke.

Desturi ya meli ndogo za kubeba ndege inajulikana: ukizamisha nyambizi moja, unachora moja. Rubani wetu aliizamisha hii Jumanne, kusini mwa Iceland. Lakini nyambizi haifi mpaka Kamati ya Uthibitisho ya London, ambayo mwenyekiti wake ni Admirali mwenyewe, itoe cheti. Na kamati hutaka madumu mawili ya mafuta yaliyochotwa baharini, au kofia ya nahodha.

Sisi tulikuwa na Wajerumani kumi na wawili tu, tuliowaopoa wakitetemeka.

"Watu si ushahidi," Admirali alieleza kwa upole. "Huenda wametoroka kazini."

Mimi, karani wa meli, niliona hoja ina uzito. Ikiwa nyambizi iko hai, hawa si mateka. Na asiye mateka hana posho ya chakula. Nikawafuta kwenye orodha ya jikoni. Wakaishi kwa mabaki ya viazi. Nilimuuliza fundi wao, Ruprecht, kuhusu kofia.

"Nahodha alizama nayo," akasema.

Nikaandika: haikupatikana.

Admirali alipotaka kurudi London kuongoza kikao, Kapteni wetu, Dunmore, alimwonyesha kanuni yenye saini ya Admirali huyohuyo: mtu wa cheo chake asivuke maji yenye nyambizi hai.

"Lakini imezama, bwana," Admirali akalalamika.

"Una kofia, mheshimiwa?"

Cheti hutolewa na kikao. Kikao hakikai bila mwenyekiti. Tukabaki tumetia nanga pwani ya Iceland. Mgeni huandikiwa chakula cha siku tatu. Siku ya nne, kwa masikitiko, nilimfuta naye.

Leo nimemkuta kwenye foleni ya mabaki, nyuma ya Ruprecht, ambaye alimkatia nusu ya kiazi chake. Admirali akakitafuna, kisha akamwita Tregenza.

"Kachore mkia, kijana."

"Bila cheti, afande? Si nitafungwa mimi. Waandike kwanza hawa kumi na wawili jikoni, kama mateka. Kwa mkono wako."

Akaomba kalamu. Fomu ni nakala saba kwa kila mtu, kwa amri ya kamati yake. Hadi jiko linafungwa alikuwa amefikisha watu wanane, na wanane wamekula. Wanne waliobaki, mkia, na Admirali mwenyewe, ni kesho.