Usukani wa Mtaalamu

Dunia ina watu wa aina mbili: wanaojua kazi na wanaojua kuielezea. Mtaalamu, jina alilojipa mwenyewe baada ya kuona wengine wanachelewa kumpa, alikuwa wa aina ya pili. Asubuhi hiyo alisimama kwenye geti la mjane mmoja, udenda ukimtoka.

Uwanjani kulikuwa na lori kuukuu la marehemu, lenye pua ndefu, likifufuliwa kidogo kidogo. Mtaalamu aliangalia chumba cha dereva tu: usukani wa asili, mweusi, mpana kama sinia, na saa za dashibodi zenye fremu za shaba. Alimjua mpenda magari ya kale ambaye angemuuza hata mkwe wake apate vitu hivyo.

"Shikamoo, mama. Usukani huo kakuachia nani?"

"Marahaba. Marehemu mume wangu."

"Basi anataka mfuatane." Alitikisa kichwa kwa huzuni ya kukodi. "Chuma nacho huchoka, mama. Mimi nitakufungia mpya, wa kupimwa kwa mikono yako. Na hayo makuukuu nitakusaidia kwenda kuyatupa."

"Hata kutupa utanisaidia? Mungu akuzidishie, mwanangu."

Mtaalamu alikaribia kuona haya. Haya yenyewe ikapita.

Alifunga usukani wa kigari cha bembea ya watoto, akauvika ngozi ya kochi bovu. Honi ilikuwa kengele ya mlango, na mkono wa indiketa ulikuwa kitasa cha bafu. Nati ya kushikia usukani ilikataa kukaza, akaibembeleza kwa gundi. Tusimdhulumu, kazi ilipendeza macho. Alijitazama akaona kwamba kama angezaliwa na uaminifu, mji usingemtosha.

Alikuwa anafunga mdomo wa gunia lenye vitu vya asili pale mjane alipotokea na wanawe wawili, wapakia mizigo wenye mabega ya kuziba mlango. Wakaziba geti.

"Haya, panda. Marehemu alituachia desturi: aliyefunga kitu ndiye wa kwanza kukijaribu, mpaka chini ya mteremko na kurudi. Sisi tutakuangalia kutoka hapa."

Mtaalamu aliutazama mteremko. Mwishoni mwake kulikuwa na ukuta wa mawe, mnene, usiopenda utani.

"Mama, mgongo wangu leo..."

"Utakaa, hutabeba."

"Na leseni nimeisahau nyumbani."

"Ukuta haukagui leseni, mwanangu."

Akalitazama gunia, kisha akautazama tena ukuta. Aliogopa, tena sana, maana ni yeye peke yake aliyejua alichokifunga.

"Kuna nati moja sijairidhia," alisema kinyonge.

"Usiwe na haraka. Wanangu watakusindikiza dukani."

Hapo ndipo ilipoanza fedheha kuu ya maisha yake: kazi. Alinunua nati za kweli, tairodi mpya, ile fimbo ya kugeuzia magurudumu, na grisi. Kwa kuwa hakujua kipi kinaingia wapi, ikabidi aajiri fundi halisi kwa mfuko wake. Fundi alipoona mteja anavyoukodolea macho ukuta, akapandisha bei. Bingwa wa kula vya watu akaliwa vyake. Usukani wa asili ukarudi, saa zikarudi, na kila bolti Mtaalamu aliikagua kwa tochi, akiuliza maswali mpaka fundi akamwomba anyamaze.

Lori likashuka, likakata kona mbele ya ukuta kwa utiifu, likapanda. Mtaalamu aliteremka machozi yakimlenga.

"Mama, umeona? Limekata!"

"Nimeona. Hata yule wa breki alilia hivyo hivyo."

"Wa breki yupi?"

"Aliyeniletea breki mbovu zilizopakwa rangi. Na wa matairi naye alilia. Fundi mwaminifu simwezi bei, mwanangu. Lakini tapeli akiwa anaitengenezea roho yake mwenyewe, haoni gharama."

Mtaalamu akakaa kwenye ngazi ya lori. Kumbe lori zima lilikuwa limetengenezwa na wenzake! Akajicheka mpaka akapaliwa.

Mjane akampa kikombe cha maji. "Limebaki bodi la nyuma, la kubinua mzigo. Atakayelifunga, tutaliinua juu na yeye atalala chini yake. Huna mtu?"

Mtaalamu alimkumbuka shemeji yake, aliyewahi kumuuzia televisheni isiyo na kitu ndani.

"Ninaye, mama," alisema, akijifuta machozi. "Tena ni ndugu kabisa."