Soketi ya Nje ni ya Nani?

Jumatatu, 5 Februari
Mvua ya jana imeua soketi ya kibarazani. Balaa! Jumamosi washenga wanakuja kumposa binti yangu Nokwazi, na friza ya nyama na bia iko huko nje kwa sababu ndani haina pa kukaa. Mke wangu kauliza kifuniko cha soketi kiko wapi. Nikamwambia nilikitoa, plagi ya friza ni nene. Kasema basi mvua ya watu haina kosa. Hajui sheria, maskini.

Jumanne, 6 Februari
Dawa imepatikana! Katika nyumba hizi zetu zilizoshikana, nusu ya ndani ya ukuta ni ya mwenye nyumba, nusu ya nje ni ya wakazi wote. Soketi iko nje. Walipe wote! Nimemwendea Bi Moodley, mwenyekiti wa kamati. Nikamwambia pia mfereji wa paa, nao wa wote, umepasuka ukaimwagia maji. Kanitazama juu ya miwani, akauliza kama na bia ni ya wote. Atakuja kujionea.

Jumatano, 7 Februari
Mfereji haujapasuka. Nikapanda kuupasua kidogo, kwa ajili ya ushahidi tu. Ngazi ikateleza. Nimeangukia maua ya jirani yangu Dlomo. Kauliza, mzee mzima, siku hizi nafuga njiwa? Mbavu zinauma.

Alhamisi, 8 Februari
Ushindi! Kamati imekaa, na aliyenitetea kuliko wote ni Dlomo. Kasema baba Hadebe ana haki, soketi ile ni yetu sote, tena iandikwe kabisa. Mikono yote juu. Fundi kaja mchana huohuo. Kumbe Dlomo ana moyo mzuri.

Ijumaa, 9 Februari
Dlomo kaja na waya mrefu, kachomeka mashine ya kukata nyasi. Bi Moodley kaleta jiko la kukaangia sambusa. Jioni watoto wa nyumba ya mwisho wakajaziwa kasri la upepo la kurukia. Nikapiga kelele: umeme unatoka kwenye mita yangu! Bi Moodley kauliza kwa upole, si wewe mwenyewe, baba, uliyesema ni ya wote?

Jumamosi, 10 Februari
Washenga wamefika asubuhi, wakaita getini kwa majina ya sifa ya ukoo wetu: “Hadebe! Bhungane! Mthimkhulu!” Nikawaacha wasimame juani, kama ipasavyo kwa baba wa binti. Nilipowafungulia, nikakuta umeme wa kulipia kabla uliisha usiku tukiwa tumelala. Nyama inanuka. Mkubwa wao kaonja bia, akauliza kama kwetu huwa inachemshwa. Wameondoka. Watarudi, wamesema, nikipata barafu. Nokwazi kalia chumbani. Nimeona aibu.

Jumapili, 11 Februari
Bi Moodley kaja na sambusa na pole. Kamati iko tayari kuniandikia soketi iwe yangu peke yangu, nitie sahihi tu. Nokwazi kanisihi: baba, tia sahihi, nakuomba. Nimekataa katakata! Nani hurudisha ushindi wake mwenyewe? Tena leo nimeona unyevu umepenya, ukuta wa sebuleni umevimba. Kesho naenda kwenye kamati kudai: sebule nayo ni ya wote.