Sauti ya Kitanda cha Tisa

Jumatatu, 6 Februari 2023

Nimeamka na wazo. Nililala nalo, nikaamka nalo, na hata baada ya chai lilikuwa bado zuri. Dalili njema.

Afisi ya wadi imebandika tangazo: ukumbi wa jamii utakabidhiwa mtu au kikundi kitakachoutumia kufufua biashara zilizouawa na korona. Nani aliuawa zaidi yangu? Mimi Guleid, mwenye viti vya plastiki mia tatu na mahema manne, mtu ambaye Garissa hii hakuna harusi iliyofungwa bila yeye kuulizwa! Halafu mikusanyiko ikapigwa marufuku. Viti viko uani hadi leo. Kuku wa Rahmo, mke wangu, wanatagia humo.

Nikipata ukumbi: viti ndani, bibi harusi ndani, mimi mlangoni na suti.

Kizuizi ni kimoja. Barwaqo, mwenyekiti wa akina mama wauza maziwa ya ngamia. Anataka ukumbi uwe mahali pa kupoozea maziwa. Ana wanawake arobaini nyuma yake. Mimi nina kuku.

Lakini! Mwaka 2020 ukumbi huo ulikuwa wodi ya wagonjwa wa korona. Wengine walitoka kwa miguu, wengine hawakutoka hivyo. Tangu hapo haujafunguliwa. Watu wakiukaribia huvuka barabara, na ukiwauliza kwa nini wamevuka hawajui. Woga upo tayari. Unahitaji kumwagiliwa tu.

(Naandika Kiswahili ili Rahmo asipate hamu ya kusoma.)

Jumanne, 7 Februari

Kibanda cha chai, saa nne asubuhi. Wasikilizaji kumi na mmoja. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyebeba siri nzito, nikangoja kuulizwa. Hawakuuliza. Nikatikisa tena. Shingo inauma hadi sasa.

Mwishowe nikasema mwenyewe. Kwamba nilipita ukumbini saa ya jua kali, mji mzima umelala, nikasikia mwanamume anaongea ndani. Wakataka kujua alisema nini. Sikuwa nimepanga maneno! Likanitoka la kwanza lililonijia: alikuwa anauliza kama yule ngamia mwekundu ameshazaa. Na sauti ilitoka upande wa kitanda cha tisa. Kwa nini tisa? Sijui. Tisa ina sura ya ukweli.

Mmoja akaacha chai yake nusu. Ushindi!

Jumatano, 8 Februari

Uvumi unakwenda kasi kuliko mimi. Dereva wa tuktuk amenisimulia hadithi yangu mwenyewe, akaongezea kikohozi. Soko la mifugo wanasema sauti ni mbili. Wanawake watatu wa Barwaqo wameapa hawatatia mguu mle.

Nikapeleka ombi langu kwa Najib, msimamizi wa wadi. Akaniuliza mimi mwenyewe siogopi? Nikamjibu mimi ni mtu wa elimu. Akaniangalia kwa muda mrefu mno.

Adhuhuri nikapita ukumbini kuionea fahari kazi yangu. Madirisha yote yameganda vumbi. Ila kwenye kioo kimoja vumbi limefutwa, duara dogo, ukubwa wa uso. Limefutwa kwa ndani.

Paka, bila shaka. Paka mrefu.

Alhamisi, 9 Februari

Balaa. Ayeyo Amino amekuja nyumbani. Ayeyo ni bibi kwa Kisomali, na huyu ni mjane, miaka sabini na zaidi, ameletwa na tuktuk kutoka upande wa pili wa mji. Nilidhani amekuja kunigombeza. Hakuwa na ugomvi. Alikaa mkekani, akanishika mkono, akanieleza kuwa mumewe, mzee Gelle, alichukuliwa na gari la wagonjwa Juni 2020. Hakumwona tena. Alizikwa na watu waliojifunika nguo nyeupe hadi machoni. Kutoka ndani alipiga simu mara moja tu. Alisema yuko kitanda cha tisa. Akauliza kama ngamia mwekundu amezaa. Simu ikakatika kabla hajajibiwa.

Nikajiambia kila mwanamume wa huku huulizia ngamia. Na vitanda vilikuwa ishirini na vinne, lazima kila kimoja kiwe na mtu wake. Hesabu tu!

Mzee Gelle sikumjua kamwe. Naandika hili lijulikane.

Ayeyo akaniuliza, "Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekasirika?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Mdomo ulikuwa tayari. Nikasema hapana, ayeyo, ilikuwa ya upole.

Akalia kwa furaha. Kisha akaamua: Jumamosi mchana tutakwenda pamoja, nimpelekee mumewe jibu aliloninong'oneza, maana mimi ndiye anayenisemesha. Rahmo alikuwa amesimama mlangoni na birika. Akalirudisha jikoni bila kutumiminia chai. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Ijumaa, 10 Februari

Baada ya sala nimemwendea imamu, nikauliza kwa niaba ya rafiki. Akasema wafu wako kwa Mola wao, hawana mazungumzo na wapita njia. Tuwaombee dua, basi. Na mtu anayewasingizia maneno? Imamu akasema huyo rafiki yangu atubu upesi.

Nimeahidi kumfikishia.

Jumamosi, 11 Februari

Saa saba mchana. Joto la kupasua mawe, vivuli vimejikunja chini ya miguu. Nilitegemea bibi mmoja. Walikuwa watu kama thelathini, wamesimama chini ya miavuli. Rahmo yumo. Barwaqo yumo. Najib ameleta ufunguo. Usiku kucha nilikuwa nimeomba aupoteze.

Nikaingia peke yangu. Mlango ukajifunga nyuma yangu. Upepo, ingawa hakukuwa na upepo. Ndani palikuwa na baridi. Garissa, Februari, baridi! Vitanda viliondolewa zamani, lakini namba bado ziko ukutani, zimechorwa kwa rangi nyekundu, moja hadi ishirini na nne. Vumbi sakafuni unene wa kidole. Kila mahali, isipokuwa chini ya namba tisa. Pale sakafu ilikuwa safi, kama mahali mtu alipolala na sasa hivi ameinuka.

Nikasema haraka: amezaa, mzee. Jike. Wote wawili wazima.

Sikusikia kitu. Wallahi, hata nzi. Nikatoka mbio.

Nje vichwa vyote vimeinama. Ayeyo Amino anatabasamu huku machozi yanamtoka. Wamesikia! Wote! Wanasema mwanamume alishusha pumzi ndefu, akasema alhamdulillah. Nikawaambia huyo ni mimi. Ayeyo akanipapasa shavu.

"Mwanangu, nimekaa naye miaka arobaini na minane. Sauti yake siijui?"

Ni mimi kweli? Sikumbuki kusema.

Mimi niliyeitunga sauti ndimi peke yangu ambaye sikuisikia.

Jumapili, 12 Februari

Nimemuuliza Rahmo. Ni mwanamke asiyeamini hata utabiri wa hali ya hewa. Nikamwomba aniambie hakusikia chochote. Akaendelea kuchambua mchele. Akamaliza sinia zima. Ndipo akasema alisikia, na haikuwa sauti yangu. Yangu nikidanganya hupanda. Ile ilikuwa imetulia.



Jumatatu, 13 Februari

Kikao cha afisi ya wadi. Nimevaa suti.

Nilizungumza vizuri kwa dakika mbili. Kisha Najib akaniuliza, mbele ya watu, nitampelekaje bibi harusi mahali ambapo nimetangaza mwenyewe kuna marehemu. Nikajibu mle hamna kitu. Watu wakaguna. Nikajibu basi kipo, lakini ni kizuri. Wakaguna zaidi. Nikaketi.

Barwaqo akasimama. Nilikuwa na tumaini moja, kwamba ataogopa. Akasema mama yake alilala namba kumi na nne. Kwa karibu miaka mitatu amekuwa akivuka barabara asilione dirisha la ukumbi ule. Jumamosi ilikuwa siku ya kwanza kusimama karibu nalo, na hilo ni kwa sababu alisikia kuna watu watakaosimama naye.

"Nimuogope mama yangu?" akasema. "Tutauza maziwa pale pale, atusikie tukicheka."

Wale wanawake watatu walioapa ndio waliotangulia kunyoosha mikono.

Amepewa ukumbi. Alipokuja upande wangu nikajiandaa kwa matusi. Akanishukuru. Akanishukuru! Akaomba viti ishirini vya kuanzia, na kwa kila siku ya viti nitapewa maziwa. Nimekubali kwa heshima iliyobaki. Kuku wamehama kwa makelele.

Jumatano, 15 Februari

Nimepeleka viti. Madirisha yameoshwa, sakafu imepigwa deki, wanawake wanataniana kwa sauti za kuangusha paa. Ayeyo Amino alikuwa ameshajichagulia kiti, amekiweka chini ya namba tisa. Mchana alilala hapo hapo, mdomo wazi, bilauri ya maziwa mkononi, na hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Nilisimama karibu naye kidogo. Ubaridi haupo tena. Ni joto kama la kwetu sote.

Nilitaka kumwambia ukweli. Lakini alikuwa amelala. Mtu hamwamshi mzee kwa mambo madogo.

Alhamisi, 16 Februari

Tangazo jipya! Wadi inatafuta wa kumkabidhi ule uga wa zamani wa malori ya maji, barabara ya kwenda Dadaab. Una ukuta. Una geti. Harusi za hewa wazi, taa za rangi, mahema yangu manne yanatosha kabisa! Kizuizi: waombaji wengine sita.

Nikaenda kibandani. Safari hii nimejiandaa, maneno yote nimeyapanga kabla ya kutoka nyumbani. Hakuna kitanda, hakuna namba, hakuna ngamia wa mtu. Nikatikisa kichwa mara moja tu, nikasema nilipita pale ugani mchana, nikasikia mwanamke anacheka ndani ya tangi tupu. Nikaishia hapo. Hivyo ndivyo mtu mzima afanyavyo kazi.

Pembeni alikuwepo mgeni, dereva wa lori aliyetoka Mandera, sijapata kumwona. Akaweka kikombe chini polepole. Akaniuliza kama yule mwanamke bado anavaa njuga mguuni.

Sikuwa nimetaja njuga.

Watu wote kibandani wakanigeukia. Nikamwambia ndiyo, bado anazivaa. Shahidi hakataliwi. Kesho asubuhi napeleka ombi.