Pavlova ya Mheshimiwa Waziri

Kwa fahari kubwa, Wizara ya Mawasiliano ya Siri, Canberra, ilitangaza programu ya simu ambayo ujumbe wake hausomwi na yeyote duniani, isipokuwa mwandishi, mwandikiwa, na Wizara.

"Mheshimiwa, tukijiwekea mlango wa nyuma wa kusomea ujumbe wa watu, na wabaya watapita humo humo," alisema Mirjana, mhandisi aliyeijenga. Roho ilimuuma. Aliijenga kwa ajili ya kina mama waliokimbia waume wanaowapiga, waambiane walikojificha.

"We dada mbishi!" Waziri Hocking alicheka. "Mtu mwema ana nini cha kuficha? Weka mlango, la sivyo fungasha virago."

Mlango ukawekwa. Kwa kuzingatia utawala bora, ufunguo ukakabidhiwa Kamati. Wajumbe huenda likizo, kwa hiyo ukatolewa pia kwa manaibu. Manaibu nao husahau. Hatimaye neno la siri la kufungulia mlango huo likabandikwa pale Wizara inapobandika mambo yote mazito: mlangoni pa friji, kando ya orodha ya zamu za keki. Utaratibu ulifuatwa kikamilifu.

Ijumaa ikawa chai ya hisani na mashindano ya kuoka. Pavlova ya Waziri, keki ya povu la ute wa mayai, ilitwaa kikombe, ya Mirjana ikawa ya pili. Waziri akasimulia, machozi yakimlengalenga, alivyopiga mayai kwa mkono wake mwenyewe.

Trevor wa uhasibu, aliyekuwa amefuata maziwa kwenye friji na kulijaribu lile neno la siri, akarudi akisoma simu kwa sauti: "'Fenella, bandua kibandiko cha duka kabla hujaingia na keki.' Jamani, si ni ujumbe wa Mheshimiwa huu kwa msaidizi wake?"

"Makubwa haya!" Ukumbi ukaangua kicheko. Canberra humsamehe mtu kupandisha kodi, si pavlova ya dukani.

Waziri alimvuta Mirjana pembeni, jasho likimtoka. "Dada yangu, nakuomba, funga huo mlango!"

"Kwani una cha kuficha, Mheshimiwa?"

"Funga, nimesema!"

"Watangazie watu kwanza, usije ukanigeuka."

Waziri akatangaza, kwa uchungu, kwamba mlango unafungwa, maana usalama wa kina mama haujadiliwi. Mirjana akaufuta ufunguo pale pale, nusura arukeruke kwa furaha.

"Sasa Wizara haisomi tena?" Waziri akanong'ona.

"Haisomi. Ni wewe na unayemwandikia tu."

Waziri akashusha pumzi, akaandika haraka haraka. Simu ikalia mezani kwa Fenella. Fenella akasoma, akasimama.

"Jamani, Mheshimiwa anasema niwaambie keki niliibadilisha mimi," akatangaza. "Na kikombe harudishi."